Ndugu Wengi, Mkono Mmoja

Mwambie mtu wa kwetu aandike majina ya wote anaopaswa kuwasalimu mwisho wa mwaka, na usimpe karatasi ndogo. Ataanza na wazazi, ahamie kwa wakwe, ateremke kwa mashangazi na mama wadogo, amkumbuke baba mkubwa aliyemlipia ada ya kidato cha tatu, mwalimu wa kwaya, mwenye nyumba wa zamani ambaye hadi leo humwita mwanangu, na jirani Mwislamu aliyemletea sinia la biriani siku ya Idd, sinia ambalo kwa desturi haliwezi kurudi tupu. Akifika chini ya ukurasa, watu wa kazini bado hawajaguswa.

Kwa orodha kama hiyo, kadi za dukani ni gharama, na za kuchora kwa mkono ni ndoto. Mwenye kipaji na subira atachora tano nzuri, ya sita itaanza kulegea, ya kumi itakuwa aibu. Basi wengi tumekimbilia simu. Jioni ya Desemba 24 picha ya mshumaa inapita kutoka kundi hadi kundi, na mara nyingine inakufikia ikiwa na jina la familia usiyoijua pale chini, kwa sababu aliyeisambaza hakuwa na muda wa kulikata. Mpokeaji hujibu "Amina" na kuisukuma mbele.

Muhuri, yaani kipande cha mpira, kiazi au mti kilichochongwa picha na kupakwa wino, naona ulibuniwa hasa kwa ajili ya watu wa orodha ndefu. Unachonga mara moja kwa uangalifu wote ulio nao, kisha unaugawa uangalifu ule bila kuupunguza. Shemeji wa arobaini anapata mchongo uleule alioupata mama mzazi. Kinachobaki kumfanyia kila mmoja ni kidogo, na kwa kuwa ni kidogo kinawezekana: kumchagulia rangi, kuamua picha ikae pembeni au katikati, kuandika jina lake na jambo moja linalomhusu yeye peke yake. Pole kwa goti. Hongera kwa mjukuu. Ile hela nimeituma.

Kadi ya Krismasi yenyewe ilizaliwa na shida hiihii. Mwaka 1843 Henry Cole, mtumishi wa serikali huko London na mmoja wa waliohangaikia posta ya peni moja iliyoanza 1840, alijikuta na barua nyingi za kujibu kuliko muda aliokuwa nao. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amtolee picha moja itakayowafaa watu wote. Zilichapwa nakala kama elfu moja, zikatiwa rangi kwa mkono, na alizobakiwa nazo zikauzwa kwa shilingi moja moja, bei ambayo kibarua wa enzi hizo asingethubutu kuitoa kwa kipande cha karatasi. Katikati ya picha familia ya vizazi vitatu inainua glasi za mvinyo. Pembeni wapo watu wanaowalisha na kuwavisha maskini. Wapinga ulevi walikasirika, maana mtoto mdogo naye anaonekana akinyweshwa. Kelele hizo zimesimuliwa sana. Mimi huwa natazama juu na chini ya kadi, pale palipoachwa nafasi ya jina la anayepelekewa na jina la anayepeleka. Bila nafasi zile mbili Cole angekuwa amechapa tangazo.

Waliolifikisha jambo hili mbali kuliko wote ni Wajapani. Kadi zao za Mwaka Mpya, nengajo, hukusanywa na posta na kupelekwa nyumba kwa nyumba asubuhi ya Januari 1, ilimradi mtu awe ametuma kufikia Desemba 25 au karibu na hapo. Kwa Mwaka Mpya wa 2004 zilitolewa zaidi ya bilioni 4. Tangu hapo zimekuwa zikipungua, na mlaumiwa ni yuleyule aliyeko mfukoni mwetu. Kila mwaka una mnyama wake, mara sungura, mara joka, mara ng'ombe, kwa hiyo kila Desemba kuna mnyama mpya wa kuchongwa. Watoto humchonga kwenye kiazi, mara nyingi kiazi kitamu. Watu wazima huchukua raba ya kufutia penseli. Mwaka 1977 kampuni ya Riso ilitoa hata kijimashine cha plastiki cha kuchapia kadi nyumbani, Print Gocco, kilichotumia balbu za kuwaka mara moja kama zile za kamera za zamani. Lakini desturi yao iliyonigusa haihusu ufundi kabisa. Nyumba iliyofiwa haitumi nengajo mwaka huo, na hupeleka taarifa mapema ili wengine nao wajue. Maana yake kila mwaka mtu anakaa na orodha yake na kuipitia jina kwa jina: nani kafiwa, nani kahama, nani hatujasikia habari zake. Kuchonga ni kazi ya jioni moja. Orodha ndiyo inayokula wiki.

Pwani yetu ilikuwa na elimu hii kabla ya kusikia habari za kadi. Kabla viwanda havijachukua kazi, baadhi ya vitambaa vilivyoitangulia kanga tunayoijua vilipigwa chapa kwa mkono, kwa vibao vya mti vilivyochongwa maua; wapo wanaosimulia kwamba hata viazi vitamu vilivyokatwa nusu vilitumika. Baadaye kanga zikachapwa kwa maelfu India, Ulaya na Japani, kisha hapa nyumbani, ambako kiwanda cha Urafiki kilianza kazi Dar es Salaam mwaka 1968. Maelfu ya doti zilezile, mji uleule, pindo lilelile. Lakini mwanamke anayeingia duka la kanga Kariakoo anasoma jina kwanza, anacheka peke yake, na tayari anajua ni wifi yupi anastahili kulivaa. Hakuchora, hakufuma, hakuandika neno hata moja. Bado wifi atakapolifungua furushi atajua kasemwa yeye.

Na wasomaji wa umri wangu hawajazisahau kadi za salamu za redioni. Ulinunua kadi, ukaorodhesha majina mpaka nafasi ikaisha, na mtangazaji akayasoma moja baada ya jingine kwa pumzi isiyokatika. Maneno yalikuwa yaleyale kwa wote. Walichosubiri watu kando ya redio ni kutajwa, na aliyerukwa alinuna wiki nzima.

Muhuri tunaoujua zaidi, hata hivyo, hauna sherehe ndani yake. Ni ule wa serikali ya mtaa, wa mtendaji wa kata, wa mkuu wa shule, wenye wino wa zambarau na tarehe ya kuzungusha katikati. Unakaa kwenye droo yenye kufuli, na mwenye ufunguo huwa ametoka kidogo. Barua yenye maneno mazuri na isiyo na muhuri hurudishwa dirishani. Yenye muhuri na isiyo na maana hupita. Si ajabu basi kwamba vijana wa bweni walijifunza mapema kuuchezea. Yai lililochemshwa na kumenywa, likiviringishwa taratibu juu ya muhuri ambao wino wake bado mbichi, hubeba alama na kuiweka kwenye karatasi nyingine, na ruhusa ya mtu mmoja ikawa ruhusa ya wawili. Sifundishi wizi, na alama yenyewe hutoka hafifu kiasi kwamba mlinzi mwenye macho hadanganyiki. Lakini yai lile lilifanya jambo ambalo kila anayechonga hana budi kulifanya kichwani: lilichukua picha kinyume, kisha likaigeuza ikasimama sawa.

Kinyume ndicho kinachowashinda wanaoanza. Ukitaka MAMA isomeke kwenye kadi, chonga AMAM. Herufi kama A, M, O, T na U hazijali, kwa kuwa kulia na kushoto kwake ni sawa, ila E na R zitakuumbua, na HERI ina zote mbili. Maneno yasiyohitaji kugeuzwa kabisa ni machache: UTU ni mojawapo, AMA ni jingine, na sijaona kadi ya Krismasi inayoweza kuanza na AMA. Njia ya mkato ni kuandika kwa penseli laini kwenye karatasi, kuilaza kifudifudi juu ya raba na kuisugua kwa mgongo wa kijiko. Penseli itahamia ikiwa imekwisha kugeuka yenyewe. Baada ya hapo ni wembe, mwanga mzuri, na kukumbuka kwamba unachokikata hakitaonekana. Wengi hukata ua na kuacha uwanja, kisha hushangaa kupata mraba wenye wino na ua jeupe katikati. Nao una uzuri wake, kama ulikusudiwa.

Asiyetaka kuchonga aende jikoni. Bamia likikatwa kwa upana hutoa ua la pembe tano, na kwa macho ya Desemba ua hilo ni nyota ya Bethlehemu isiyohitaji fundi. Kikonyo cha jani la mpapai kina uwazi katikati, kwa hiyo hupiga duara safi. Madogo na makubwa yakichanganywa yanakuwa mapambo ya mti, au taa za barabarani siku ya mkesha. Ukikata shina la jani la mgomba utaona vyumba vidogo vidogo vya hewa, na alama yake hufanana na magamba ya samaki au dari la nakshi, jambo linalofaa sana kwa kadi ya Idd. Kiazi mviringo ni rahisi kuliko vyote na ni msaliti kuliko vyote. Kikate kwa pigo moja la kisu kirefu ili uso uwe bapa, kifute kwa kitambaa kwa sababu maji yake hukataa wino, na ukitumie siku hiyohiyo. Kesho kitakuwa kimenywea na nyota yako imepinda. Kwa kazi ya kudumu, soli ya kandambili kuukuu haina mpinzani: laini kwa wembe, bapa, na hupatikana hata ufukweni bila kuuliza mwenyewe.

Wino nao si lazima uwe wa ofisini. Kipande cha sponji ndani ya kifuniko cha mkebe kinatosha kuwa kidau. Mbegu za zingifuri hutoa wekundu wa machungwa. Manjano ya jikoni huvutia siku ya kwanza na kufifia yakianikwa juani, kwa hiyo mpe mtu anayehifadhi kadi kabatini. Ukiyachanganya na maji ya sabuni hugeuka mekundu ya kahawia, na watoto hawachoki kuuona mchezo huo. Kahawa nyeusi iliyochemshwa mpaka ikabaki kidogo huipa karatasi sura ya barua ya zamani. Vyote vitiwe uji mwepesi wa wanga ili visitapakae. Hina siiwezi, wenye mikono ya kuipaka wanajulikana, nami si mmoja wao.

Tuje kwenye kinachochongwa, maana hapo ndipo ninapogombana na maduka. Mihuri ya sikukuu iliyochongwa tayari inakuja na kulungu, soksi ukutani, nyumba iliyofunikwa theluji na tawi la mti usiomea kwetu. Sina ugomvi na theluji, Kilimanjaro inayo. Ila Desemba yetu ina vitu vyake, tena vinavyoonekana kwa dirisha. Mkrismasi unachanua mwekundu barabara nzima, na ingawa asili yake ni Madagaska, hakuna mti mwingine unaojua tarehe vizuri namna ile. Ua lake lina petali tano, moja ikiwa na michirizi tofauti na wenzake. Mchongaji anayeiheshimu petali ile ya tano anajulikana mara moja. Maembe yamejaa. Mvua za vuli zimelowesha kila kitu. Na yale mabasi ya Moshi, yanayojaa pale Mbezi kama zamani yalivyojaa Ubungo, Wachaga wakipanda mlimani na mizigo isiyohesabika: nani amewahi kuyaweka kwenye kadi? Basi likiwa na matairi yaliyobonyea kwa uzito, na kijimlima nyuma yake, lingesema Krismasi kwa Mtanzania kuliko kulungu mia.

Huko huko Uchagani kuna jani ambalo ningelichonga kwa woga. Sale, mmea wa majani marefu unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba, hutolewa na mtu anayeomba msamaha, na aliyeletewa sale hawezi kulipuuza kirahisi. Kadi yenye alama ya jani hilo, ikitumwa Desemba kwa ndugu mliyeachana vibaya juu ya shamba, si pambo tena. Ungetaka uwe na hakika kabla ya kubonyeza. Muhuri wa namna hiyo usipigwe kwenye kadi arobaini. Mmoja unatosha, na bahasha yake iende peke yake.

Kadi za Idd zina njia nyepesi zaidi kwa sababu mafundi wa milango ya Unguja na Lamu wameshafanya nusu ya kazi. Minyororo, mawaridi na matawi yaliyochongwa kwenye fremu za milango ile yalikwisha kuwa michoro ya kurudiwarudiwa karne iliyopita na ile ya kabla yake. Chukua kona moja tu, ichonge kwenye raba, kisha izungushe kwa kila pigo. Mapigo manne yatakupa ua zima. Mwezi mwandamo na taa pia ni vizuri, ila vimetumika hadi vimechoka.

Mpira wenyewe una safari ndefu kuliko kadi. Ukiwa mbichi hulainika kwa joto na kukakamaa kwa baridi. Charles Goodyear, huko Marekani, aligundua mwaka 1839 kwamba ukipikwa pamoja na salfa hutulia, akapata hataza 1844. Miongo miwili baadaye mihuri ya mpira ikaanza kutengenezwa huko, na vyungu vilivyotumika kuipikia mwanzoni vilikuwa vya madaktari wa meno, waliokuwa wakitengenezea ufizi wa bandia. Wajerumani nao, walipotutawala, walijaza Tanga na Muheza mashamba ya mpira wa jamii ya muhogo. Bei ikaporomoka 1913, biashara ikafa, miti ikabaki kwenye nyua za watu. Majani yake tunayachuma hadi leo na kuyapika kwa nazi: kisamvu cha mpira. Sijui nchi nyingine iliyolipiza kisasi kwa zao la kikoloni kwa namna tamu hivyo.

Mtu asiye na mkono wa kuchonga anaye fundi. Wapo mitaani, na kimeza chao na karatasi iliyojaa alama za mihuri waliyowahi kuitengeneza, kila moja na jina la duka, zahanati au chama cha kukopeshana. Siku hizi kompyuta imewanyang'anya sehemu kubwa ya kazi, lakini wa zamani bado wana wembe na macho ya kusoma kinyume bila kioo. Katikati ya Desemba ofisi zinafungwa na wateja wao wanapungua, wakati ambapo sisi ndio tungewahitaji. Nilimpelekea mmoja mchoro wa basi la Moshi.

"Karibu dada," akasema. "Wa kampuni au wa shule?"

Nikamwambia si wa kampuni wala shule. Akaligeuza lile karatasi, akalielekeza kwenye mwanga, akalitazama kwa nyuma kama ilivyo desturi ya kazi yao.

"Ofisi gani sasa hii yenye basi?"

"Ya mashangazi zangu."

Alicheka, akataja bei, nikailalamikia, akapunguza kidogo. Akaanza kupima kwa rula. Akauliza tarehe aiweke wapi. Nikamwambia asiweke tarehe wala mwaka, kwa kuwa muhuri wenye mwaka hufa Januari, nami nataka unisaidie miaka kadhaa. Alikubali shingo upande. Muhuri usio na tarehe aliuona kama shati lisilo na kola.

"Na jina la mpokeaji?"

Hapo nilimwomba aache wazi, nitaandika mwenyewe. Aliacha. Ila kazi ilipokamilika nikakuta ameongeza chini ya basi, bila kuombwa na bila kudai nyongeza, kijimstari cha nukta nukta kama cha kwenye fomu za serikali ya mtaa.